Tusiisingizie Saumu

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, saa kumi alasiri. Mvua ya Tukuyu ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi. Nilikuwa nimesimama mbele ya darasa la kisomo cha watu wazima. Mama mmoja mzee alikuwa ubaoni. Alitakiwa kuandika neno "ng'ombe". Akaandika, akakosea. Akafuta, akaandika tena, akakosea. Mara ya tatu nilimkaripia kwa sauti kubwa mbele ya wenzake wote. Nilimwambia kwamba anatupotezea wakati.

Darasa zima lilinyamaza. Mama yule aliweka chaki mezani polepole. Akachukua mwavuli wake, akatoka. Juma lililofuata hakuja. Juma la pili pia hakuja.

Siku ile mzee mmoja darasani alinitetea. Alisema, "Msimlaumu mwalimu. Amefunga."

Maneno yale yalinifurahisha. Niliona nimepata udhuru. Lakini nilipofika nyumbani nilikumbuka jambo moja. Mama yule naye alikuwa amefunga. Tena yeye aliamka usiku kuwapikia daku watu wa nyumba yake, wakati mimi nimelala. Alikuwa na njaa kama yangu, na usingizi kuliko wangu. Mbona yeye hakunikaripia?

Tangu siku hiyo nina maoni yangu, na leo nataka kuwaeleza wasomaji wenzangu. Sisi tunaofunga tunaisingizia saumu mambo mengi. Tunapogombana, tunasema ni saumu. Tunapowapiga watoto, tunasema ni saumu. Mgonjwa wa akili anapozidiwa, tunasema saumu imempanda kichwani. Saumu haiwezi kujitetea. Basi tuyatazame mambo haya moja baada ya jingine.

Saumu na mwili

Mwaka 2025 Ramadhani iliangukia mwezi wa Machi. Katika wilaya yetu ya Rungwe, mwezi wa Machi mtu huanza kufunga kama saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hufuturu karibu saa moja jioni. Hizo ni saa 13 na zaidi kidogo.

Mwezi wa Ramadhani hufuata mwandamo wa mwezi. Kwa hiyo kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11. Mwaka 2015 ulikuwa Juni na Julai, wakati wa baridi yetu kali. Lakini hapa kwetu saa za kufunga hazibadiliki sana. Ni kati ya 13 na 14 mwaka mzima, kwa sababu hatuko mbali na Ikweta. Waislamu wa nchi za kaskazini ya Ulaya, saumu ikiangukia Juni, hufunga saa 18 na zaidi.

Je, mwili unaweza kukaa saa 13 bila chakula? Mwili wa mtu mzima mwenye afya unaweza. Ubongo wetu hutumia sukari iliyomo katika damu. Ingawa ubongo ni mdogo, hutumia kama sehemu moja ya tano ya nguvu zote za mwili uliopumzika. Chakula cha daku kikiisha tumboni, ini hutoa sukari liliyoiweka. Ini ni kama ghala la mkulima. Mahindi ya shambani yakiisha, tunafungua ghala. Ghala likipungua sana, mwili huanza kutumia mafuta yake.

Ni kweli kwamba mwenye njaa huwa mwepesi wa hasira. Wahenga walisema, mwenye njaa hana miiko. Lakini njaa peke yake haitoshi kumfanya mtu mzima amdhalilishe mama mzee. Mara nyingi kuna mambo mengine yaliyojificha nyuma ya njaa. Mimi nimeyaona manne.

Mambo manne yanayoleta hasira

Jambo la kwanza ni usingizi. Watu wengi huongea na kutembeleana mpaka saa sita za usiku. Kisha huamka saa kumi kula daku. Asubuhi wanakwenda shambani au kazini. Mtu aliyelala saa nne tu kwa siku nyingi huwa na hasira, hata kama tumbo lake limejaa. Huyo hasumbuliwi na saumu. Anasumbuliwa na usingizi.

Jambo la pili ni chai na kahawa. Sisi wa Rungwe tunalima chai, tena tunainywa sana. Katika chai na kahawa mna kitu kiitwacho kafeini. Kafeini huamsha mwili. Mtu aliyezoea vikombe vingi kila siku akiacha ghafla, kichwa humuuma. Maumivu huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho. Siku mbili za kwanza ndizo mbaya zaidi. Baada ya siku chache, au juma moja na kitu, huisha. Ndiyo maana wengi huumwa kichwa mwanzo wa Ramadhani, na katikati ya mwezi hawaumwi tena. Dawa yake ni kupunguza mapema. Mwezi wa Shaabani, kama unakunywa vikombe vinne, kunywa vitatu. Kisha viwili. Kisha kimoja.

Jambo la tatu ni tumbaku. Katika miaka ya 1990, madaktari wa mji wa Casablanca, nchini Moroko, walipima hasira za watu waliofunga Ramadhani. Walipima wavutaji wa sigara na wasiovuta. Waliona hasira ni kubwa zaidi kwa wavutaji. Tena iliongezeka kadiri mwezi ulivyoendelea. Sababu si ngumu kuielewa. Mvutaji huvuta usiku, na mchana hukosa. Kila usiku mwili wake unapewa tumbaku, kila mchana unaidai. Yeye haachi tumbaku mara moja ikaisha. Anaiacha upya kila siku. Na mwenye kutumia ugoro ni vile vile. Nasema hili nikijua uchungu wake, maana na mimi nilikuwa mvutaji siku ile nilipomkaripia yule mama.

Jambo la nne ni maji. Katika baridi yetu ya Tukuyu mtu hahisi kiu sana. Anafuturu, anakunywa kikombe kimoja, anasahau. Mwili wenye maji machache huchoka upesi na kichwa huuma. Kunywa maji kidogo kidogo tangu futari mpaka daku, hata kama husikii kiu.

Tazameni mambo hayo manne. Usingizi, chai, tumbaku na maji. Hakuna hata moja ambalo ni saumu yenyewe. Yote yamo mikononi mwetu.

Saumu huleta na furaha

Tukisema juu ya hasira tu, tutakuwa tumesema nusu ya habari. Wapo wataalamu waliowapima watu kabla ya Ramadhani na baada yake. Wengine waliona huzuni na wasiwasi vimepungua. Mwaka 2015 wachumi wawili, Campante na Yanagizawa-Drott, walitoa uchunguzi wao juu ya nchi nyingi. Walilinganisha miaka ya saumu ndefu na miaka ya saumu fupi. Waliona kwamba saumu ikiwa ndefu, uchumi wa nchi za Kiislamu hukua polepole zaidi. Lakini Waislamu wenyewe husema wanaridhika zaidi na maisha yao.

Jambo hili halinishangazi. Nendeni Tukuyu mjini wakati wa futari. Sahani ya magimbi inatoka nyumba hii kwenda nyumba ile. Watu waliokuwa hawasemezani wanakaa mkeka mmoja. Mgeni wa stendi anaitwa aje ale. Mtu mpweke huumia moyo zaidi kuliko mtu mwenye wenzake. Katika mwezi huu mtu mpweke hukumbukwa. Tena kuna heshima fulani mtu huipata anapojua kwamba ameweza kujizuia. Jioni anajiambia, "Leo nimeshinda." Hilo nalo ni dawa ya moyo.

Basi saumu ile ile inaweza kumpa mtu hasira au utulivu. Tofauti iko katika namna tunavyoishi mwezi huo.

Mama aliye jikoni

Hapa naomba waume wanisikilize. Katika nyumba nyingi mama ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Usiku anawasha moto kwa kuni zilizolowa mvua. Asubuhi yuko shambani. Jioni, wakati wote wamejinyoosha wakingoja adhana, yeye yuko motoni. Baada ya futari anaosha vyombo. Akisema neno moja kwa ukali, tunamwambia anaharibu saumu yake.

Mimi naona si haki. Tukitaka amani nyumbani, tuanzie jikoni. Baba anaweza kuteka maji. Vijana wanaweza kumenya ndizi na kuosha vyombo. Daku linaweza kupikwa jioni pamoja na futari, usiku likapashwa moto tu. Maharage na ndizi, magimbi, uji wa ulezi na maziwa hukaa tumboni muda mrefu. Chai ya sukari na andazi huisha upesi. Kazi hizi ni ndogo, lakini zitampa mama saa moja ya kulala. Saa moja hiyo itawarudia ninyi kama upole.

Mgonjwa na dawa zake

Sasa nafika kwenye jambo lililo zito kuliko yote.

Nilimfahamu kijana mmoja mkulima wa viazi. Alikuwa na ugonjwa wa akili. Alipata dawa hospitali, akapona vizuri. Kwa miaka kadhaa alilima, aliuza viazi, alitunza mama yake. Alimeza dawa asubuhi na usiku. Ramadhani ilipofika aliona aibu. Watu wangemwona akimeza vidonge mchana, wangesema hafungi. Basi akaacha dawa zote. Hakumwambia mtu yeyote.

Juma la kwanza alikuwa mzima. Juma la pili hakulala. Alizunguka usiku mvuani akisema peke yake. Wengine walisema ni majini. Wengine walisema ni saumu. Hakuna aliyeuliza habari za dawa. Mpaka ndugu zake wanampeleka hospitali, alikuwa amekwisha kujeruhiwa na watu waliomdhania mwizi. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, shamba lake lilikuwa limemezwa na magugu. Mama yake alikuwa ameuza ng'ombe wao wa maziwa ili kulipa gharama.

Saumu haikumfanyia hayo. Aibu ndiyo iliyomfanyia. Na aibu ile tulimpa sisi, kwa midomo yetu.

Dini ya Kiislamu haikumwamrisha kijana yule ajiharibu. Kurani, katika Sura ya Al-Baqara, inamruhusu mgonjwa na msafiri kula, kisha alipe siku nyingine. Asiyeweza kufunga kabisa hulisha maskini. Mtu ambaye akili imempotea, dini haimhesabii saumu mpaka arudi katika akili zake. Ruhusa hiyo haikutaja ugonjwa wa tumbo wala wa mguu peke yake. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa.

Pengine mgonjwa mwingine anaweza kufunga. Mwaka 1997 madaktari wa Casablanca waliwafuatilia wagonjwa 20 wenye ugonjwa wa akili unaopanda na kushuka, leo furaha iliyopita kiasi, kesho huzuni nzito. Walikuwa wanaendelea na dawa yao. Hata hivyo karibu nusu yao walizidiwa katika Ramadhani au baada yake. Kiasi cha dawa katika damu hakikubadilika. Huenda sababu ilikuwa kuvurugika kwa usingizi. Baadaye madaktari wa Pakistani waliwafuatilia wagonjwa wa namna hiyo, na hali zao hazikuharibika. Maana yake ni nini? Wagonjwa hawafanani. Mmoja ataweza, mwingine hataweza. Hawezi kuamua peke yake gizani, wala jirani hawezi kumwamulia.

Kwa hiyo mgonjwa aende zahanati au hospitali kabla ya mwezi kuandama. Amwambie mganga, "Nataka kufunga. Je, naweza?" Dawa nyingine zinaweza kupangwa zimezwe wakati wa futari na daku. Nyingine haziwezi. Iko dawa iitwayo lithiamu. Maji yakipungua mwilini, dawa hiyo inaweza kuzidi katika damu ikawa sumu. Mwenye kifafa naye, akiruka dawa au akikosa usingizi, anaweza kuanguka. Mganga akisema usifunge, nenda kwa shehe umweleze. Shehe mwenye elimu hatakulazimisha.

Jinsi ya kutofautisha

Wasomaji wengine watauliza, "Nitajuaje kama ni njaa au ni ugonjwa?" Mimi natumia kipimo hiki. Hasira ya njaa huisha kwa bakuli la uji. Mtu akifuturu, dakika chache baadaye anacheka. Huyo hana ugonjwa.

Lakini mtu akifuturu na huzuni ikabaki palepale, siku baada ya siku, mtazameni. Mtu asiyelala kabisa na hasikii kuchoka, mtazameni. Mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anayedhani kila mtu anamwinda, mpelekeni zahanati upesi. Mtu anayesema afadhali afe, msimwache peke yake hata saa moja, na mpelekeni siku hiyo hiyo. Msingoje Iddi.

Jirani asiyefunga

Katika wilaya yetu Waislamu ni wachache kuliko Wakristo. Darasa langu lina Wamoravia, Walutheri, Wakatoliki na Waislamu. Mwaka 2025 Kwaresima ilianza tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya Ramadhani kuanza. Basi tulikuwa wengi tuliojinyima pamoja, kila mtu kwa dini yake. Darasa lilikubaliana kipindi kiwe cha saa moja badala ya saa mbili, na kianze saa nane badala ya saa kumi. Wakristo ndio walioleta shauri hilo. Ugomvi ulipungua.

Naomba jambo moja kwa wote, Waislamu na wasio Waislamu. Ukimwona mtu anakula au anameza kidonge mchana wa Ramadhani, usimuulize mbele za watu. Huenda ni mgonjwa. Huenda ni mama mwenye mimba au anayenyonyesha. Huenda ni msafiri. Huenda yuko katika siku zake. Swali lako dogo linaweza kumfanya mtu aache dawa.

Nilivyomaliza

Baada ya Iddi nilikwenda nyumbani kwa yule mama. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, akanipa kigoda. Nilimwomba radhi. Nilianza kumweleza kwamba siku ile nilikuwa nimefunga. Alinitazama tu. Nikaona aibu, nikayameza maneno yangu. Nikasema, "Nilikosa, mama. Siyo saumu. Ni mimi."

Akajibu, "Hapo sasa tunaelewana, mwanangu."

Mwezi uliofuata alirudi darasani. Alikaa nyuma, siyo mbele alipokuwa akikaa zamani. Mpaka leo anakaa nyuma. Mtu akikukosea akakuomba radhi, kosa husamehewa, lakini kovu hubaki. Mimi nimeacha sigara. Ramadhani ikikaribia, napunguza chai mapema na nalala mapema. Na njaa inaponibana saa kumi alasiri, nakumbuka mafundisho kwamba mfungaji akichokozwa aseme tu kuwa amefunga. Neno hilo lilikusudiwa kumzuia mfungaji asigombane. Mimi nilikuwa nimeligeuza kuwa ruhusa ya kugombana.

Tufunge, ndugu zangu, anayeweza. Asiyeweza apumzike bila aibu. Lakini tusiisingizie saumu makosa yetu.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini mwalimu aliona aibu kuitumia saumu kama udhuru?
2. Taja mambo manne yanayoleta hasira katika mwezi wa Ramadhani. Ni lipi linalokusumbua wewe zaidi?
3. Nani huamka kwanza nyumbani kwenu wakati wa daku? Mnaweza kumsaidiaje?
4. Kijana mkulima wa viazi aliacha dawa kwa sababu gani? Majirani wangefanya nini?
5. Katika kijiji chenu, mtu mwenye ugonjwa wa akili huitwa kwa majina gani? Majina hayo yanamsaidia au yanamuumiza?